HERUFI YA MFALME: MISTARI MITATU NA NGUZO MOJA



Mwishoni mwa mwaka 2025 nilitoka Tanga kwenda Singida kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Singida ni nchi ya majabali makubwa yaliyopandana kama kwamba yamepangwa kwa mkono, nchi ya alizeti, asali na vitunguu. Karibu na mji liko ziwa Singidani ambalo maji yake ni ya chumvi, nasi watu wa pwani tukilitazama hutukumbusha nyumbani, ila hili halipwi wala halijai.

Siku ya pili, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa ameinamia daftari la hesabu, lile lenye vijumba, anaandika alama moja ile ile katika kila kijumba, akifuta na kuandika tena. Nikamwuliza, "Unaandika nini hicho?"

"Kijapani, mjomba," akajibu. "Hii ni kanji. Ndiyo herufi ya mfalme wao."

Nikafahamu alikotoka. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huo huo wa Singida, alishinda mbio ndefu za marathoni katika mashindano ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa moja, yaani saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenga ni sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Tangu siku ile, vijana wengi wa Singida wanaitazama Japani kama nchi iliyo jirani, na mpwa wangu akajinunulia kitabu cha kujifunza lugha yake.

Lakini bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa ameketi mkekani akivuta tasbihi, alikuwa akisikiliza. Akasema, "Mume wangu, hebu njoo. Babu yako alirudi kutoka Bama na risasi ya Mjapani mguuni, akaishi nayo na akazikwa nayo. Leo unamwandika mfalme wa watu wale, humu humu nyumbani mwake?"

Kijana akainama. Akanitazama mimi, mjomba, kana kwamba nina jawabu mfukoni. Sikuwa nalo. Nilimwambia mama yule, "Mama, nipe muda niitafute habari ya herufi hii, kisha nitakujibu." Makala haya, ndugu msomaji, ndiyo jawabu lenyewe, nami nimeona si vibaya tulisome pamoja, kwani ndani yake mna mazingatio kwa kila mwenye kupewa ukubwa, uwe wa nchi au wa nyumba yake.

HERUFI YENYEWE

Wajapani huandika lugha yao kwa kuchanganya aina tatu za maandishi. Mbili kati ya hizo ni za sauti, kama zilivyo herufi zetu. Ya tatu ndiyo kanji, ambayo waliipokea kutoka China, na kila alama yake hubeba maana na si sauti peke yake. Hesabu ya kanji zilizotengwa kwa matumizi ya kawaida ni 2,136, na mtoto wa shule ya msingi hutakiwa ajifunze 1,026 kabla hajamaliza darasa la sita.

Herufi aliyokuwa akiiandika mpwa wangu ni hii: 皇. Mtoto wa Kijapani huifikia darasa la sita, nayo ina michoro tisa. Imepandana tabaka mbili. Tabaka la juu, peke yake, ni herufi ya weupe. Tabaka la chini ni hii: 王, yaani mfalme, ambayo mtoto huifundishwa mapema sana, katika darasa la kwanza. Basi anayetaka kumjua Mfalme Mkuu lazima kwanza amjue mfalme.

Tuitazame hiyo ya chini. Ni mistari mitatu iliyolala na nguzo moja iliyosimama. Mwanafunzi wa Japani hufundishwa kwa taratibu isiyobadilika: huanza mstari wa juu, kisha huteremsha nguzo, kisha huvuta mstari wa kati, na mwisho huweka mstari wa chini. Nguzo inaanzia kwenye mstari wa juu, haiupiti. Inaishia kwenye mstari wa chini, haiutoboi. Mwanafunzi akiipitisha, mwalimu humrudisha aandike upya, kwani si mfalme tena aliyeandika.

Na ukiongeza nukta moja tu ubavuni, hapo chini upande wa kulia, inakuwa 玉, maana yake kito cha thamani. Nukta hiyo tuiweke akilini, maana tutakutana nayo mbele.

SHOKA AU NGUZO?

Maandishi ya zamani kabisa ya China yaliyotufikia yalichorwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, miaka kiasi cha 1,200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Watu wa zama zile walikuwa wakiyatumia kupigia ramli. Wataalamu wengi walioichunguza herufi ya mfalme katika mifupa ile wanaona kwamba asili yake ni picha ya shoka lililoelekezwa makali chini. Yaani mfalme, katika mwandiko wa mwanzo, ni yule mwenye shoka la kukata shingo.

Zikapita karne nyingi, picha ikabadilika mpaka ikawa mistari. Ndipo akatokea mwanachuoni mmoja wa China, Dong Zhongshu, aliyeishi katika karne ya pili kabla ya Nabii Isa (a.s.), akaifasiri upya. Alisema kwamba mistari ile mitatu ni mbingu, mwanadamu na ardhi, na mwenye kuviunganisha vitatu hivyo ndiye anayestahili kuitwa mfalme.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi mwanachuoni yule alivyotenda. Hakuwa na jeshi wala hazina. Alichukua alama ya shoka akaifanya alama ya wajibu. Kama kwamba anamwambia mtawala wake: wewe hukuwekwa ukate, umewekwa uunganishe. Lakini je, watawala walisikia?

ALIYEJITWALIA NENO "MIMI"

Mwaka 221 kabla ya Nabii Isa (a.s.), mfalme wa dola la Qin alimaliza kuziteka dola nyingine zote za China. Akaona jina la mfalme sasa ni dogo, kwani wafalme aliowashinda nao walikuwa wakiitwa hivyo hivyo. Akachukua herufi mbili kubwa, moja ni hii 皇 iliyomo katika daftari la mpwa wangu, akaziunga zikawa cheo kipya kisichokuwapo kabla yake. Ndiye tunayemsoma katika tarehe kwa jina la Qin Shi Huang, yaani Mfalme Mkuu wa Kwanza.

Hakutosheka. Palikuwa na neno moja, 朕, ambalo maana yake ni "mimi". Mtu yeyote aliweza kulitumia kujitaja. Akatoa amri kwamba tangu siku ile neno hilo ni lake peke yake. Hebu fikiri: mtu kuwanyang'anya watu ardhi ni jambo tulilolizoea katika tarehe, lakini huyu aliwanyang'anya watu neno la kujitajia nafsi zao.

Tusimdhulumu, alifanya mengi yaliyobaki. Alisawazisha mizani na vipimo, na akaunganisha mwandiko wa China nzima uwe mmoja, na kwa sababu hiyo huenda mpwa wangu asingekuwa na herufi moja ya kujifunza bali kumi zinazopingana. Lakini mwaka 213 vitabu vilichomwa kwa amri ya dola yake. Naye alijiita wa Kwanza kwa kuwa aliamuru mwanawe aitwe wa Pili, na mjukuu wa Tatu, na hivyo hivyo mpaka vizazi elfu kumi.

Alikufa mwaka 210. Na kabla ya kumalizika mwaka 206, dola lake lilikuwa limekwisha. Elfu kumi zake hazikufika hata miaka ishirini.

Sisi Waislamu kisa kama hiki si kigeni kwetu. Tumesoma katika Kurani habari za Firauni aliyewakusanya watu wake akadai kuwa ndiye mola wao wa juu, na habari za yule aliyebishana na Nabii Ibrahim (a.s.) kwa sababu tu alipewa ufalme. Majina yanabadilika, ugonjwa ni ule ule.

HERUFI YAVUKA BAHARI

Herufi ya mfalme ilifika Japani kwa njia ya ajabu. Vitabu vya tarehe vya China vinaeleza kwamba mwaka 57 baada ya Nabii Isa (a.s.) mfalme mdogo mmoja wa visiwa vya Japani alituma wajumbe kwenye dola la Han, nao wakarudi na muhuri. Basi mwaka 1784, katika kisiwa cha Shikanoshima, ulifukuliwa shambani muhuri mdogo wa dhahabu tupu, ambao kila upande wake ni kiasi cha sentimita 2.3. Umechongwa herufi tano, na ya mwisho katika hizo ni mistari mitatu na nguzo moja. Leo umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Fukuoka.

Maana ya muhuri ule ilikuwa kwamba wewe ni mfalme, lakini chini yetu. Wajapani hawakuridhika na hali hiyo milele. Mwaka 607 walipeleka barua China ambamo mtawala wao alijitaja kwa cheo kile kile alichokuwa nacho mtawala wa China, kama mtu na mwenziwe. Mfalme wa China akachukia sana. Na kabla ya kumalizika karne ile ya saba, Wajapani wakakitumia cheo cha "tenno", kinachoandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni mbingu, ya pili ni hii yetu, 皇. Kikiwa ni cheo cha mbinguni, hakuna tena wa kukitoa wala wa kukipunguza. Wakasema kwamba ukoo wa mfalme umetokana na mungu wa jua.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo nguzo ilipoupita mstari wa juu.

HERUFI YAENDA VITANI

Kwa karne nyingi wafalme wa Japani walikuwa na cheo tu, na mamlaka yalikuwa mikononi mwa majemadari. Mwaka 1868 mambo yakageuka katika zama za Mfalme Meiji. (Uwanja wa Tokyo aliposhinda Simbu uko jirani na bustani za nje za hekalu lililojengwa kwa ukumbusho wa mfalme huyo.) Japani ikajenga viwanda, reli na mashule kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu. Lakini mwaka 1882 likatolewa tangazo kwa askari wote, wakalihifadhi moyoni, na ndani yake askari aliamrishwa aione amri ya mkubwa wake kuwa ni amri ya mfalme mwenyewe. Katiba ya mwaka 1889 ikamtaja mfalme kuwa ni mtakatifu asiyeguswa.

Fahamu hatari yake. Ikiwa mfalme hakosei, na kila mkubwa jeshini anasema kwa ulimi wa mfalme, basi hata sajenti naye hakosei. Hivyo ndivyo dhuluma inavyoshuka ngazi kwa ngazi bila ya kukutana na mtu wa kuihoji. Wachina, Wakorea na watu wa Asia ya Kusini-Mashariki waliyaonja matunda yake. Na tarehe 8 Desemba 1941 tangazo la kupigana na Marekani na Uingereza lilitolewa kwa lile neno la Qin Shi Huang, 朕, "mimi" isiyokuwa ya mtu mwingine, likapigwa muhuri.

Vita vile vikatufikia hata sisi. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, imejaa watu, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani. Ilizama katika dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa. Nyambizi nayo ikazamishwa siku hiyo hiyo. Bahari ile ile tuliyozoea kuitazama kwa ajili ya pepo za kusi na kaskazi ikawafunika wote, wa mfalme huyu na wa mfalme yule.

Askari wa Keya, yaani K.A.R., wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, wakapelekwa Bama, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Waliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, katika tope, homa na misitu, wakawasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin, wakauvuka mwezi wa Desemba. Humo ndimo babu wa mpwa wangu alimopatia risasi yake.

Sasa tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mjapani aliyempiga alishika bunduki iliyochorwa ua lenye petali kumi na sita, nembo ya nyumba ya mfalme wake. Na babu yetu yule kofiani alikuwa na alama ya kikosi ambacho jina lake lenyewe ni bunduki za mfalme, naye mfalme ni George wa Sita aliyekuwa London. Mkulima wa Japani na mkulima wa Singida, ambao hawajapata kugombania hata ng'ombe, walikutana katika msitu wa watu wengine wauane kwa alama za watu wawili wasiopata kuwaona. Je, adui wa babu alikuwa ni herufi? Au ni yule aliyeifanya herufi kuwa mungu, na yule mwingine aliyemfanya Mwafrika kuwa mali ya taji?

NUKTA YA KITO

Tarehe 15 Agosti 1945, baada ya miji miwili ya Japani, Hiroshima na Nagasaki, kuangamizwa kwa mabomu ya atomiki, raia wa Japani waliisikia redioni sauti ya mfalme wao kwa mara ya kwanza. Matangazo yale huitwa kwa Kijapani sauti ya kito. Neno hilo huandikwa kwa ile herufi ya mfalme yenye nukta moja ubavuni. Alisema kwa lugha ya kale ya barazani kwake, na wengi waliomsikiliza hawakumfahamu mpaka walipofafanuliwa na wengine kwamba vita vimekwisha na Japani imeshindwa. Tazama umbali ulioje: watu wamekufa kwa ajili yake kwa mamilioni, na siku ya kusema nao, maneno yake hayaeleweki.

Tarehe 1 Januari 1946 mfalme alitoa tangazo la kukanusha kwamba yeye ni mungu. Katiba mpya, iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, ikamfanya kuwa alama ya taifa na umoja wa watu, bila ya mamlaka ya kutawala. Na lile neno 朕 likawekwa kando. Tangu hapo mfalme wa Japani akisema mbele ya watu hujitaja kwa neno la "mimi" linalotumiwa na kila raia. Ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili neno lile aliloliteka Qin Shi Huang lishuke kutoka kwenye kiti.

Nguzo ikarudi chini ya mstari.

KWETU NAKO

Pengine msomaji atasema haya ni ya mbali. La, hata kwetu wafalme walijiandika. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimepatikana kwa maelfu. Upande mmoja zina jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zimepangwa kwa vina. Kwa hiyo anayeishika sarafu hawezi kulisoma jina la mfalme kwa ukamilifu bila ya kuigeuza akakutana na jina la Mola wake.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mtoaji sana. Amesimulia kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani akazivua, akavaa nyingine, akampa. Lakini tusifiche: katika zawadi alizoongezwa fakiri yule walikuwamo watumwa, wanadamu kama sisi, na Ibn Battuta ameeleza pia kwamba sultani huyo alikuwa akiwavamia watu wa bara na kuchukua ngawira. Hata mfalme mkarimu wa kwetu aliusahau mstari wa kati, ule wa mwanadamu. Ukarimu wa barazani haufuti dhuluma ya njiani.

Na Wanyaturu wa Singida, kabla ya kuja Wajerumani, hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Wazee wa koo ndio waliosikilizwa. Uchifu ulikuja kukazwa na serikali za kikoloni zilizotaka mtu mmoja wa kumtumia, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikauondoa kwa sheria. Basi kijana wa Singida anaposoma herufi ya mfalme, anaisoma akiwa mjukuu wa watu walioishi bila ya kuihitaji.

JE, INAFAA KUJIFUNZA?

Nakuja sasa kwenye swali la mama yule. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alieleza kuwa jina duni kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu ni la mtu anayejiita mfalme wa wafalme. Maana yake ni wazi: ukubwa wa kupita mpaka ni haramu hata ukiwa katika jina tu, seuze katika matendo.

Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.), naye ni kijana, ajifunze mwandiko wa Mayahudi ili aweze kusoma na kuandika barua zao, kwani hakutaka kuwategemea wengine katika jambo hilo. Imepokewa kwamba Zaid aliujua kwa nusu mwezi. Hakuambiwa kwamba kuandika kwao ni kuwa wao. Mwenye kuijua herufi ya mtu haonewi kwayo. Babu yetu aliyepelekwa Bama angelijua kusoma matangazo ya wafalme wote wawili, huenda angaliuliza maswali kabla ya kupanda meli.

Na tuikumbuke habari ya muhuri. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia watawala wa mataifa, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha yenye mistari mitatu: jina lake mstari mmoja, neno la Mtume mstari mmoja, na jina la Mwenyezi Mungu mstari mmoja. Mistari mitatu, na ndani yake mja ametajwa kuwa ni mjumbe tu. Pete ile ikashikwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman (r.a.), ambaye ilimponyoka ikaanguka katika kisima cha Aris, ikatafutwa siku tatu, isipatikane. Dini haikupotea pamoja nayo. Hiyo ndiyo tofauti ya amana na cheo: muhuri unaweza kuzama na amana ikabaki.

Nilipoyakusanya haya nilimpigia simu dada yangu, akamweka mama yule karibu, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza kimya. Kisha nikamsikia anamwita mjukuu wake alete daftari.

"Nguzo hii," akamwuliza, "ikipita huku juu je?"

"Inakuwa imekosewa, bibi. Unafuta, unaandika upya."

"Babu yako hakufutiwa," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Haya, jifunze mume wangu. Lakini ukifika kwao, wasomee na wewe habari ya mguu wa babu yako."

Sikuona la kuongeza juu ya maneno yale. Ndugu msomaji, kila mmoja wetu amepewa ufalme wake: baba nyumbani mwake, mama juu ya watoto wake, mwalimu darasani, mwenye duka kwenye mizani yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Tuvichunge vichwa vyetu visiupite mstari wa juu, na miguu yetu isiwakanyage walio kati na walio chini.

Wabillahi tawfiq.